Kiinitete Kikisalimika, Je, Maswali Yamekwisha?



Katika utume wetu wa Jumamosi tulisali na jumuiya moja iliyo mbali kidogo na kigango. Baada ya tafakari ya Injili, sadaka na matangazo, bibi mmoja aliyekaa karibu na mlango alituomba tubaki. Watu walipotawanyika akafungua pindo la khanga, akatoa pakiti mbili zinazong'aa, zimeandikwa kwa herufi kubwa kwamba ndani mna seli shina. Mjukuu wake wa miaka 9 ana saratani ya damu na anatibiwa hospitali. Jirani mmoja alikuwa amemshawishi kwamba huo unga ni dawa mpya kutoka ng'ambo, inajenga kinga ya mwili na kuondoa saratani. Bibi aliuza mbuzi wawili ili azinunue. Kisha mama mwingine wa jumuiya, aliyesikia mahali kwamba seli shina hutolewa kwenye mimba zilizoharibiwa, akamwambia kuwa Kanisa limezikataza. Bibi hakupata usingizi siku mbili.

"Frateri wangu," alisema, "ina maana nimemlisha mjukuu wangu watoto wa watu? Mimi nataka niache vyote, hivi na vya hospitali."

Tulikuwa wanne, wote tunasoma falsafa. Mmoja wetu alisema ni kweli, Kanisa limekataza. Wa pili akasema hapana, zipo zinazoruhusiwa. Wa tatu akasema tutamuuliza Padre. Wa nne alinyamaza, na pengine ndiye aliyejibu vizuri kuliko wote. Kilichotuokoa ni maandishi madogo nyuma ya pakiti: unga wa matunda, dondoo ya tufaha na zabibu, sukari. Seli ya binadamu haikuwemo hata moja. Tulimsomea, tukamsihi sana asiache dawa za hospitali, na moyo wake ukatulia. Mioyo yetu haikutulia. Alikuwa ametuuliza swali la haki kabisa, tukagongana mbele yake kama watu wasiotoka nyumba moja ya malezi.

Makala haya yametokana na aibu ile. Tumesoma, tumewasumbua walezi wetu, tumebishana bwenini mpaka taa zikazimwa.

Tuanze na neno lenyewe. Seli shina ni seli ambayo bado haijashika kazi maalumu, na inaweza kuzaa seli nyingine zenye kazi. Sote tunazo. Ndani ya uboho wa mifupa yetu zipo zinazotengeneza damu kila siku, na madaktari wamekuwa wakipandikiza uboho tangu katikati ya karne iliyopita bila Kanisa kuwa na ugomvi nao. Ugomvi ulikuja mwaka 1998, James Thomson wa Chuo Kikuu cha Wisconsin, Marekani, alipofaulu kukuza maabarani seli shina zilizotoka katika viinitete vya binadamu vya siku chache. Seli hizo zina uwezo wa kuwa karibu kila aina ya seli ya mwili, lakini kuzipata kulimaanisha kukiharibu kiinitete chenyewe. Mama Kanisa alisema hapana, kwa hoja ambayo hata mtoto wa mafundisho ya komunyo ya kwanza anaielewa: hatumuui mmoja ili apone mwingine.

Hati Dignitas Personae ya mwaka 2008 ililisema jambo hili waziwazi. Kuchukua seli shina kwa mtu mzima, katika damu ya kitovu mtoto anapozaliwa, au kwa kijusi kilichokufa kifo cha kawaida, hakuna kosa. Kuzichukua kwa kiinitete kilicho hai, kikafa kwa sababu hiyo, ni kosa kubwa. Kwa hiyo anayesema "Kanisa limekataza seli shina" ameikata sentensi katikati, na sentensi iliyokatwa katikati karibu imwachishe mtoto mgonjwa dawa zake.

Wakati hati hiyo inatoka, dunia ilikuwa tayari imeshangazwa na habari kutoka Kyoto, Japani. Mwaka 2006 Shinya Yamanaka na msaidizi wake Kazutoshi Takahashi walichukua seli zilizokomaa za panya, za kawaida kabisa, wakaziingizia jeni nne, na seli hizo zikarudi utotoni. Zikawa na uwezo kama wa zile za kiinitete, bila kiinitete kuguswa. Mwaka uliofuata wakafanya hivyo kwa seli za ngozi ya binadamu. Mwaka 2012 Yamanaka alipewa Tuzo ya Nobel pamoja na Mwingereza John Gurdon, ambaye tangu mwaka 1962 alikuwa ameonyesha kwa vyura kwamba kiini cha seli iliyokomaa hakijasahau namna ya kujenga mwili mzima.

Yamanaka aliwahi kuwasimulia waandishi wa habari kwamba siku moja alichungulia kiinitete kwa hadubini katika kliniki ya rafiki yake, akawaza jinsi kilivyotofautiana kidogo tu na binti zake, akaona lazima itafutwe njia nyingine. Simulizi hii sisi waseminari tunaipenda, labda kupita kiasi. Tunaisimulia kana kwamba sayansi ilipiga magoti na kesi ikafungwa. Tusisahau kwamba ujuzi wa kuzilea seli hizo maabarani ulijengwa pia juu ya miaka ya kazi iliyofanywa na seli za viinitete. Furaha yetu ni ya haki, ila tusiifanye ushindi wa mpira.

Sasa tuje kwenye kinga ya mwili, maana ndiyo aliyotajiwa bibi.

Katika damu yetu wamo askari wa aina nyingi. Seli T humtambua adui fulani, humshambulia na kumkumbuka. Seli zinazoitwa NK, yaani wauaji wa asili, huzunguka zikiua seli yoyote inayoonekana kuharibika. Saratani ni mjanja kwa sababu ni mtoto wa nyumbani; askari humpita bila kumshuku. Basi wanasayansi walianza kuchukua seli T za mgonjwa mwenyewe, wakaziwekea jeni inayozipa macho ya kuiona saratani, wakazikuza na kumrudishia. Mwaka 2012 msichana wa miaka 6 alitibiwa hivyo Philadelphia, baada ya dawa nyingine zote kushindwa, na saratani yake ya damu ikaondoka. Mwaka 2017 tiba hiyo iliruhusiwa rasmi Marekani kwa watoto na vijana wenye aina mojawapo ya saratani ya damu. Bei yake ilitangazwa kuwa dola 475,000, zaidi ya shilingi bilioni moja, kwa mtoto mmoja, na hapo hujahesabu kitanda cha hospitali.

Kwa nini ghali hivyo? Kwa sababu ni nguo ya kushonesha. Fundi anampima mteja mmoja, anakata kitambaa chake, anashona, na nguo ile haimfai mwingine. Kazi huchukua wiki kadhaa, na wapo wagonjwa wanaofariki wakisubiri. Wengine seli zao zimechoka mno kwa dawa hata hazikui.

Hapo ndipo njia ya Kyoto inapoingia. Ukiwa na seli iliyorudishwa utotoni, unaweza kuirekebisha mara moja, ukachagua moja iliyokaa sawasawa, ukaizidisha bila mwisho, kisha ukaifundisha kuwa seli T au NK, ukagandisha dozi nyingi na kuziweka akiba. Mgonjwa akija, nguo ipo dukani. Mwaka 2013 watafiti wa New York walionyesha kwamba seli T zenye macho ya kuitambua saratani zinaweza kukuzwa kwa njia hii. Mwaka huohuo wenzao wa Tokyo walichukua seli T ya mtu mwenye VVU, inayomtambua adui huyo, wakairudisha utotoni na kuikuza tena. Zikapatikana seli changa zisizochoka, zenye kumbukumbu ileile ya adui. Hayo yalikuwa ya maabarani. Mwaka 2019 kampuni ya Fate Therapeutics ya San Diego ilianza kuwapa wagonjwa wa saratani seli NK zilizotokana na seli za namna hii, na baadaye seli T. Zilionekana kuvumilika vizuri mwilini, ila mara nyingi hazidumu muda mrefu. Januari 2023 kampuni hiyo ilisitisha majaribio kadhaa na kupunguza wafanyakazi baada ya ushirikiano wake na kampuni kubwa kuvunjika. Siku hizi inazijaribu seli T hizo kwa wagonjwa wa lupus, ambao kinga yao huushambulia mwili wao wenyewe. Tunayasema haya ili muumini ajue: ni tumaini la kweli, lakini ni la majaribio, hospitalini, kwa sindano ya mshipani. Halimo katika pakiti ya unga. Halimo katika kopo linalouzwa kwenye semina za hotelini.

Darasani mwenzetu mmoja alituletea pingamizi lililotusumbua wiki nzima. Alisema: kama seli ya ngozi inaweza kurudishwa hadi ikawa na uwezo kama wa seli za kiinitete, basi ama kila mkwaruzo wa ngozi ni mauaji, ama kiinitete nacho ni ngozi tu. Chagueni.

Hatukubali kuchagua. Aristotle, na Mtakatifu Thoma wa Akwino baada yake, walitufundisha kwamba neno "uwezo" lina maana zaidi ya moja. Gogo la mti lina uwezo wa kuwa kitanda, mlango au kinu, lakini liache hapo uani miaka kumi, litakuwa chakula cha mchwa. Uwezo wake ni wa kutendewa. Umbo liko kichwani mwa seremala. Kokwa la embe ukilifukia penye unyevu halimsubiri seremala. Linajipanga lenyewe, mizizi chini na majani juu, kwa sababu tayari ni mwembe mchanga. Kiinitete ni kama hilo kokwa: kiumbe kizima kinachojiongoza. Seli iliyorudishwa utotoni, kwa jinsi tunavyoielewa, iko upande wa gogo. Ukiichoma ndani ya panya kama ilivyo hupati kiumbe, unapata uvimbe: gegedu hapa, misuli pale, neva kule, vyote bila mpango. Matofali yapo, nyumba hakuna.

Mwenzetu hakuishia hapo, na tunamshukuru. Alituambia kwamba mwaka 2009 Wachina walipata panya hai waliotokana na seli za namna hii. Ni kweli. Lakini ilibidi seli ziwekwe ndani ya kiinitete kingine cha panya kilichotengenezwa ili kiwasaidie tu kupata kondo, kisha kipandikizwe tumboni. Seli peke yake haikujiongoza. Hata hivyo jambo hili linatuonyesha mpaka ulipo. Siku hizi zipo maabara zinazokusanya seli shina za binadamu ili zijipange zenyewe zifanane na kiinitete cha wiki mbili. Katika nchi nyingine wanatafuta kutengeneza mayai na mbegu za uzazi kwa seli za ngozi. Hapo gogo linaanza kutiwa ndani moyo wa kokwa, na sisi tunasema wasimame. Kukuza seli ya kinga kwa ajili ya mgonjwa ni jambo moja. Kutengeneza kitu kinachofanana na binadamu anayeanza, ili kionwe kitafika wapi, ni jambo jingine, hata kama chupa ya seli ni ileile.

Liko doa jingine tusilolificha. Virusi vinavyotumika kubebea jeni katika tiba hizi mara nyingi hutengenezwa katika ukoo wa seli uliotoka kwenye figo ya kijusi huko Uholanzi mwanzoni mwa miaka ya 1970, na wengi wanaamini mimba ile ilitolewa kwa makusudi. Dignitas Personae inatofautisha wajibu: mzazi mwenye mtoto mgonjwa hayuko mahali pamoja na mtafiti anayechagua malighafi yake. Mzazi aweza kuwa na sababu nzito ya kukubali, huku akidai njia nyingine itafutwe. Mtafiti anadaiwa zaidi. Walioogopa chanjo za UVIKO wanaujua mjadala huu, hatutaurudia.

Lakini jambo lililotufanya tuandike ni jingine. Tarehe 12 Novemba 2011, Papa Benedikto XVI alizungumza Vatikani na washiriki wa mkutano kuhusu seli shina za watu wazima. Wengi tunajua sehemu ya kwanza ya mafundisho yake, ile ya kuwatetea wasiozaliwa. Katika hotuba hiyohiyo alisema kwamba Kanisa likiwataja wasio na mtetezi haliwafikirii wasiozaliwa tu, bali pia wale wasioweza kuzifikia tiba za gharama kubwa, na kwamba haki inadai matunda ya utafiti yawafikie wote bila kujali uwezo wao wa fedha. Sehemu hii hatujawahi kuisikia ikihubiriwa. Sisi wenyewe tulikuwa hatuijui hadi bibi alipotusukuma kuitafuta.

Tumejizoeza kuuliza swali moja: je, kiinitete kimesalimika? Tukijibiwa ndiyo, tunasema amina na kwenda kula. Ni swali la kwanza na hatulilegezi. La pili ni hili: nguo hiyo ya dukani itauzwa duka gani, na imekatwa kwa kipimo cha nani?

Kipimo, ndiyo. Mwili hukataa seli za mtu ambaye alama zake za kinga hazifanani na zako. Chuo Kikuu cha Kyoto kilichagua watu saba tu wenye alama zinazofanana na za wengi, na seli zao zikawafaa asilimia 40 hivi ya Wajapani. Ni kazi nzuri sana, kwa Wajapani. Afrika ndiyo yenye utofauti mkubwa kuliko bara lolote katika vinasaba, kwa hiyo ghala lililojazwa na watu wachache wa mbali haliwezi kututosha. Tayari tunaona mfano katika uboho: nchini Marekani, Mzungu ana nafasi 79 katika 100 ya kumpata mtoaji anayelingana naye kwenye orodha yao, Mmarekani mweusi ana 29. Wapo wanaorekebisha seli ili mwili usizitambue kuwa ngeni, na wakifaulu tatizo litapungua. Bado tatizo la duka liko palepale. Tanzania ni miongoni mwa nchi zenye watoto wengi zaidi wanaozaliwa na sikoseli. Tiba ya jeni kwa ugonjwa huo iliruhusiwa Marekani Desemba 2023, kwa dola milioni 2.2. Ugonjwa uko kwetu, dawa iko kwao, na nauli ya kuifuata hatuna.

Tunajua kuna atakayesema sayansi ni ghali, ndivyo ilivyo. Wazazi wetu waliambiwa hivyo kuhusu dawa za VVU. Zilipoanza, mwaka mmoja wa dawa uligharimu zaidi ya dola 10,000. Mwaka 2001 kampuni ya Cipla ya India ilijitolea kuziuza kwa dola 350. Wengi wetu tuna shangazi au baba mdogo anayeishi leo kwa sababu watu walikataa kuiamini ile bei ya kwanza.

Kwa hiyo tunaomba mambo ambayo hayahitaji kungoja Roma. Maadili ya tiba yafundishwe kwetu tukiwa bado katika falsafa, yasingoje teolojia, maana watu wanatuuliza sasa. Hospitali na vyuo vikuu vya afya vya Kanisa, kama kile cha Bugando, viwemo katika mijadala ya utafiti huu mapema, na ikitokea siku damu au ngozi ya waumini wetu ikaombwa kwa ajili ya ghala la seli, makubaliano yaandikwe kwa Kiswahili kinachosomeka, yaseme wazi jamii iliyotoa itanunua dawa kwa bei gani. Mwaka 1951 seli za Henrietta Lacks, mwanamke mweusi wa Marekani, zilichukuliwa bila ridhaa yake. Zimetumika dunia nzima, na familia yake ilifikia makubaliano na kampuni mojawapo mwaka 2023, miaka 72 baadaye. Hatuna sababu ya kurudia darasa hilo.

Jumamosi iliyofuata tulirudi kwa bibi na kumweleza yote haya kwa kifupi, zamu kwa zamu, safari hii bila kugongana. Alisikiliza huku akichambua mchicha. Tulipofika kwenye seli T za maabarani akauliza bei. Tukamwambia. Alicheka, kisha akanyamaza kidogo.

"Basi, wanangu, niambieni ya leo."

Ya leo ni kwamba mtoto asikose tarehe zake za hospitali, na kwamba anahitaji kuongezewa damu mara kwa mara, na ndugu wa kuchangia wamekwisha. Wawili wetu tumechangia. Mmoja alikataliwa kwa uzito mdogo, tukamcheka njia nzima. Paroko amekubali itangazwe baada ya misa ya pili. Pakiti moja haijafunguliwa bado; bibi anataka arudishiwe fedha za mbuzi wake, na Jumamosi ijayo tumeahidi kufuatana naye hadi kwa yule jirani.